Bure, Huru na Huria: Historia Fupi ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Makala hii inakusudia kueleza jinsi istilahi programu huria ilivyopata maana yake, na kwa nini haifai kubadilishwa kuwa programu ya bure.

Kosa hilo mwandishi alilifanya mwenyewe. Katika rasimu yake ya kwanza aliandika "mfumo endeshi wa bure", akimaanisha Linux. Alipofika Nyakato, eneo la viwanda na karakana katika jiji la Mwanza, alimwonyesha rasimu hiyo kijana mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Kijana akasema, "Kaka, hata Windows hii nilinakiliwa bure na rafiki yangu. Je, nayo ni ya namna hiyo?" Mwandishi alikosa jibu. Nakala ile haikulipiwa, lakini leseni yake haikumruhusu kijana kuigawa, wala msimbo wake hakuweza kuusoma.

Utata huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutunga mfumo endeshi ambao kila mtu angekuwa na haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuusambaza. Neno la Kiingereza alilolichagua lina maana mbili, kutolipiwa na kutofungwa, hivyo ikambidi aeleze mara kwa mara kwamba hazungumzii bei. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha Linux, kilichounganishwa na kazi ya GNU. Mwaka 1998 wenzao wengine, wakiukimbia utata huo, waliunda jina jipya lenye maana ya chanzo kilicho wazi. Tangu hapo yamekuwapo majina mawili na mabishano yasiyokwisha.

Kiswahili hakikuwa na haja ya kuyarithi mabishano hayo yote. Bure ni habari ya malipo. Huru ni habari ya hali. Aidha tunalo neno huria, lenye asili ya Kiarabu kama huru. Katika soko huria, msemo ulioenea tangu miaka ya 1980, neno hilo lina maana ya kutofungwa. Katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, lina maana ya kuwa wazi kwa wote. Kwa hiyo programu huria inabeba uhuru na uwazi kwa pamoja. Hata hivyo, yapasa tahadhari: msomaji anayekumbuka misukosuko ya soko huria aweza kudhani kwamba huria ni kukosa masharti. Sivyo. Programu huria ina mwenyewe na ina leseni. Tofauti ni kwamba leseni hiyo inampa mtumiaji haki, ilhali ile ya programu miliki huzizuia.

Jambo hili lina uzito katika kazi yetu ya istilahi. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Haikuhitaji ruhusa maalumu ya mwenye mali, kwa kuwa leseni ilikwisha kuitoa. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Microsoft nayo ilitayarisha Kiswahili cha Windows. Juhudi zote mbili ziliwafikishia watu maneno yetu, na si haki kuibeza yoyote. Lakini istilahi ikikosewa ndani ya programu miliki, sisi twaweza kuomba tu. Uamuzi ni wa mwenye mali. Ikikosewa ndani ya programu huria, mwalimu au fundi aweza kuisahihisha na kuwagawia wenzake.

Basi anayechagua mfumo endeshi wa shule au ofisi ana mengi ya kupima: gharama, mafundi waliopo, na programu anazozihitaji. Tunamwomba aongeze swali moja: nani atakuwa na mamlaka ya kuyasahihisha maneno ya Kiswahili yatakayosomwa humo?

Rasimu imekwisha kurekebishwa. Bure limefutwa, na pembeni pake limeandikwa huria.