Mabadiliko ya tabianchi Mafinga

Mafinga, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, ni mji wa mbao jirani na Shamba la Miti Sao Hill, na ndiyo maana madhara ya mabadiliko ya tabianchi hapa huanzia mfukoni. Mkulima wa mahindi akikosa mvua hupoteza msimu mmoja. Aliyepanda misindano, moto ukipita Oktoba, hupoteza miaka kumi au zaidi ya kusubiri, pamoja na ada za watoto alizozitegemea. Sindano kavu zenye utomvu hulundikana shinani, na kiangazi kikirefuka cheche moja inatosha.

Wapo wanaosema moto huwashwa na watu wanaosafisha mashamba au kurina asali. Kuhusu chanzo, wako sahihi. Lakini watu hao walikuwapo siku zote. Kinachoamua kama moto utaishia shambani au utameza kilima kizima ni ukavu, joto na upepo. Hoja kama hiyo hutolewa kuhusu Mto Ruaha Mkuu, unaokauka kiangazi tangu miaka ya 1990: umwagiliaji wa bonde la Usangu umeuumiza zaidi, ila joto huongeza uvukizi wa maji machache yaliyobaki. Maji yakiwa machache hivyo, kupanda miti tu si tiba, hasa mikaratusi, inayonyonya maji mengi, ikisogezwa kwenye mabonde ya vinyungu, ambako familia hulima mboga kiangazi kwa unyevu wa ardhini. Bonde likikauka, mboga hizo hununuliwa sokoni kwa fedha za familia.