Daktari Aliyesikiliza Jina la Ugonjwa

Leo tutaeleza jina kwashakoo lilitoka wapi, na ni nani aliyeliingiza katika vitabu vya madaktari.

Dakta Cicely Williams alizaliwa Jamaica mwaka wa 1893, akasomea udaktari Uingereza. Mwaka wa 1929 alipelekwa kufanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Huko aliona watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne wakiwa wamevimba miguu, ngozi inabambuka, nywele zimefifia rangi, hawataki kula wala kucheza. Wengi walikufa. Walikuwa wameachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi.

Wenyeji wanaosema lugha ya Ga walikuwa tayari na jina: kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Jina lenyewe lilikuwa limetaja chanzo.

Mwaka wa 1933 Williams aliandika makala katika jarida moja la magonjwa ya watoto Uingereza. Alisema huu ni ugonjwa wa lishe, na huenda kinachokosekana ni protini. Wakubwa wa fani hawakukubali. Dakta Hugh Stannus, bingwa wa ugonjwa wa pelagra, aliandika mwaka wa 1934 kwamba hiyo ni pelagra tu. Williams hakunyamaza. Mwaka wa 1935 aliandika tena katika jarida la The Lancet, safari hii akilitumia lile jina la Ga.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki ubishi ulikuwapo. Dakta Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kisha Mulago, Uganda, aliwahi kuuita pelagra ya watoto. Baadaye alibadili msimamo, na mwaka wa 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu ya kwashiorkor. Williams naye mwaka wa 1948 alikuwa ameshapewa kuongoza kitengo cha afya ya mama na mtoto cha Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo, mama, mtaalamu haaminiwi kwa ukubwa wa cheo. Huaminiwa wengine wanapokwenda kuangalia na kukuta alichoandika ni kweli. Na kazi haijaisha: leo tunajua kwamba upungufu wa protini peke yake hauelezi kila kitu, na utafiti unaendelea.

Sasa turudi nyumbani. Mtoto aliyevimba anaweza kuonekana mnono, jirani akamsifu. Wengine husema mama yake amevunja mwiko. Usisikilize hayo. Bonyeza nyayo zake zote mbili kwa juu, kwa kidole gumba, uhesabu hadi tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usimshindilie chakula kingi nyumbani, kwani mwili wake ni dhaifu na unahitaji kulishwa kwa utaratibu.

Ili kuzuia, mnyonyeshe hadi miaka miwili au zaidi. Kuanzia miezi sita mwongezee chakula, na uji usiende peke yake: tia maziwa au njugu zilizosagwa, na umpe pia yai, maharagwe au omena. Panga uzazi ili mtoto asinyang'anywe ziwa mapema.