Kipande cha Reli Kilichotengwa Umeme

Katika reli za mfano, kipande kilichotengwa ni sehemu ya njia ambayo umeme wake huzimwa au kuwashwa peke yake, njia nyingine zikiendelea kama kawaida. Haja yake inatokana na mfumo wa reli mbili wa mkondo mnyoofu, aghalabu wa volti 12, ambamo reli zenyewe ndizo waya: moja chanya, nyingine hasi. Magurudumu ya kichwa cha treni huokota umeme humo na kuufikisha kwenye mota. Kwa hiyo vichwa viwili vikiwa kwenye njia moja, ukiongeza volti vyote huondoka pamoja. Ili kimoja kibaki kwenye njia ya pembeni, sharti umeme ukatwe chini ya magurudumu yake.

Kukata reli moja kunatosha. Hukatwa kwa msumeno wa meno madogo, au kiungio cha chuma hubadilishwa kwa cha plastiki, kisha pande mbili za pengo huunganishwa kwa waya unaopitia swichi. Kichwa huendelea kusogea hadi gurudumu lake la mwisho linalookota umeme livuke pengo, kwa hiyo kipande kifupi mno hakifai.

Pengo la msumeno lisiachwe wazi. Chuma hutanuka kwa joto, na ncha mbili za reli zikigusana swichi haina kazi tena. Hubandikwa kijipande cha plastiki kwa gundi kali, kikachongwa kwa tupa mpaka kifuate umbo la reli, hata ukucha ukipita juu usikwame. Wengi huiharakisha hatua hii, na ndiyo inayoamua kama magurudumu yatapita kwa utulivu.

Kigumu zaidi ni kitanzi cha kugeuzia, ambapo treni huzunguka na kurudi kwenye njia ileile iliyoijia. Reli ya kulia ikimaliza mzunguko hukutana na ya kushoto, chanya na hasi zikagusana, ikawa shoti. Hapo reli zote mbili hukatwa, mwanzoni na mwishoni mwa kitanzi, na ni salama zaidi treni nzima ienee katikati. Ikiwa ndani, chanya na hasi za njia kuu hubadilishwa kwa swichi, nayo hutoka bila kusimama. Mfumo wa kampuni ya Märklin ya Ujerumani wenye vijipini katikati ya mataruma hauna taabu hiyo, kwa kuwa reli zake mbili ziko upande mmoja wa umeme.

Udhibiti wa kidijitali wa DCC, uliosanifishwa na chama cha NMRA cha Marekani katika miaka ya 1990 kwa msingi wa kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, huacha umeme relini wakati wote. Kila kichwa hutii amri zenye namba yake. Swichi za maegesho zilipungua, lakini mapengo yalibaki: vitanzi bado huyahitaji, vifaa vya kutambua treni ilipo huyategemea, na njia kubwa hugawanywa kwayo ili shoti ya upande mmoja isizime treni zote.