Mahakimu Wasio na Joho: Gacaca ya Rwanda na Waliofundishwa Kuiendesha

Mauaji ya kimbari yalipokoma Julai 1994, Rwanda ilibaki na watuhumiwa tele na mahakimu wa kuhesabu. Kati ya mahakimu takriban 750 waliokuwapo awali, walionusurika ni 244 tu, na si wote waliokuwa wamesomea sheria. Shirika la RCN kutoka Ubelgiji lilisaidia kuwaandaa mahakimu wapya kwa kozi za miezi michache, na Desemba 1996 kesi za kwanza zikaanza kusikilizwa. Mwendo ukawa wa kobe. Magerezani walirundikana watu zaidi ya laki moja, wengine wakilala kwa zamu, na hesabu iliyokuwa midomoni mwa watu Kigali ni kwamba kuwahukumu wote kungechukua zaidi ya miaka mia.

Katika mazungumzo ya kitaifa ya 1998 na 1999 yaliyofanyika Urugwiro, ikulu ya Kigali, yaliyoitishwa na Rais Pasteur Bizimungu, ndipo wazo la gacaca lilipopata nguvu. Kabla ya ukoloni, gacaca kilikuwa kikao cha wazee wa mlimani. Walikaa majanini, wakaamua ugomvi wa mipaka ya shamba, ng'ombe au ndoa, kisha pande zote zikanywa pombe pamoja. Wabelgiji walipoleta mahakama zao hawakukizima kikao hicho. Lakini mauaji ya halaiki hayakuwahi kuwa kazi yake. Sheria ya Januari 2001 iliunda kitu kipya na kukipa jina la kale: mahakama za dola zenye vyeo, majalada na uwezo wa kumfunga mtu miaka mingi. Kwa hiyo wanaoisifu gacaca kwa kuwa ni mila safi ya Kiafrika wanaisifu kwa jambo ambalo haikuwa nalo.

Oktoba 2001 wananchi walichagua watu zaidi ya 250,000 kuwa inyangamugayo, yaani waadilifu wa kuaminika. Wengi walikuwa wakulima. Wanasheria, mahakimu na wanafunzi wa sheria walipewa ukufunzi, wakatawanywa nchi nzima, na katika miezi ya Aprili na Mei 2002 waliochaguliwa wakapewa semina ya siku chache: makundi ya makosa, utaratibu wa kikao, kupokea ungamo, kuandika kumbukumbu. Siku chache, kwa mtu ambaye kesho yake angempima jirani aliyeshtakiwa kuua! Majaribio yalianza Juni mwaka huo katika mirenge 12, yaani vitengo vya utawala wa mitaa, na kesi zikaenea nchi nzima ifikapo 2006.

Kikao chenyewe kilikuwa hivi. Siku moja ya wiki maduka yalifungwa, watu wakakusanyika uwanjani. Inyangamugayo waliketi kwenye mabenchi, wamevaa mishipi ya rangi za bendera begani. Walisimama kimya kwa dakika moja kuwakumbuka waliouawa, kisha mwenyekiti akasoma kanuni: anayetaka kusema anyooshe mkono, asitukane mtu. Mawakili hawakuruhusiwa. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya katibu, aliyeandika kwa mkono kila neno la shahidi, akalisoma tena mbele ya watu, kisha wahusika wakatia sahihi au dole gumba. Sheria ilidai viongozi wa kikao wajue kusoma na kuandika, na kila aliyewahi kukaa kikao cha kijiji anajua kwa nini.

Mafunzo yalikuwapo, ila matunzo yalikuwa haba. Inyangamugayo hawakulipwa mshahara, ingawa baadaye serikali iliwapa nafuu kama bima ya afya. Mkulima aliyeacha shamba kila wiki alikuwa na sababu ya kupokea bahasha, na shirika la Human Rights Watch, lililofuatilia mahakama hizi kwa miaka, liliandika kuhusu rushwa na visasi. Maelfu ya waliochaguliwa waliondolewa baada ya wao wenyewe kutajwa katika mauaji. Sheria ya Juni 2004 ilipunguza mahakimu wa kila kikao kutoka 19 hadi 9, na baadaye wakawa 7. Mwaka 2008 kesi za ubakaji nazo zilihamishiwa kwao, zisikilizwe faraghani, jambo lililohitaji mafunzo mengine kabisa. Wajane wa mauaji ya kimbari wa chama cha AVEGA, waliokuwa wakisaidiana tangu 1995, walikuwa na washauri nasaha wao, na kwa maoni yangu hapo ndipo mzigo halisi wa kazi hii ulipobebwa.

Walioungama walipunguziwa kifungo, na sehemu ya adhabu wakaitumikia nje ya gereza kwa kazi za umma: kuchimba matuta, kuponda mawe, kutengeneza barabara na kujenga nyumba za manusura. Wengi waliishi kambini.

Gacaca ilifungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, ikiwa imepitia kesi zaidi ya milioni 1.9 katika mahakama karibu 12,000. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha, iliyokuwa na majaji na mawakili wa kulipwa, iliwafungulia mashtaka watu 93 katika uhai wake wote. Arusha ilishughulikia wapangaji wakuu, kwa hiyo ulinganisho huo una mipaka yake, lakini unaonyesha ukubwa wa mzigo waliotwishwa watu wa semina ya siku chache.

Utamaduni wa kumtuma jirani kuamua haukuishia hapo. Kamati za Abunzi, zilizoanzishwa kisheria kuanzia 2004, zinapatanisha kesi ndogondogo bila malipo, nazo pia zinategemea watu wa kujitolea wanaohitaji mafunzo ya kila mara.

Yaliyoandikwa na makatibu wa gacaca ni takriban kurasa milioni 60, zimehifadhiwa Kigali na kuingizwa katika kompyuta. Sehemu kubwa iko katika Kinyarwanda. Wanahistoria wa Afrika Mashariki wanaotaka kuijua haki ya majirani waanzie huko, kabla ya kufungua ripoti za wafadhili.