Windermere Mbili

Mwezi Novemba 1861 wavumbuzi wa Kizungu Speke na Grant walifika Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, wakapokewa vizuri na mfalme wake, Mukama Rumanyika. Karibu na makao ya mfalme palikuwa na ziwa dogo lililokaa kati ya vilima vya nyasi, na Grant akaona linafanana mno na Windermere ya Uingereza. Wakaliingiza kwenye maandishi yao kwa jina hilo: Windermere Ndogo. Mwaka 1876 akaja mvumbuzi mwingine, Stanley, na mashua yake, Lady Alice, ikashindanishwa na mitumbwi ya Rumanyika katika maji hayohayo. Kwa hiyo kufurahia ziwa hakukuletwa Karagwe na watalii wa leo.

Maziwa hayo mawili yana jina moja, lakini yamezungukwa na watu wenye desturi mbili tofauti za kuchunga maji. Naziweka desturi hizo pamoja kwa sababu maziwa ya Karagwe na ya wilaya jirani ya Kyerwa yanazihitaji zote mbili, na kwa sasa naona tunakaribia kuipoteza ya kwetu kabla hatujaipata ya wenzetu.

Windermere ya Uingereza huchungwa kwa kalamu. Chama cha wanasayansi wa maji baridi, Freshwater Biological Association, kilianzishwa mwaka 1929, na tangu 1945 ziwa hilo limekuwa likipimwa kila wiki au kila wiki mbili, majira ya joto na ya baridi, na kila kipimo kikahifadhiwa. Kifaa kimojawapo ni rahisi ajabu: sahani bapa, nyeupe tupu au yenye robo nyeusi na nyeupe zinazopishana, iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za mita. Aliyeijaribu kwa makini mwaka 1865 ni Padre Angelo Secchi, mwanafalaki wa Roma. Mpimaji hukaa upande wenye kivuli cha chombo, akaishusha taratibu mpaka isionekane, akaandika kina. Akaivuta mpaka ionekane tena, akaandika. Kisha akachukua wastani. Mwani ukizidi, sahani hupotea mapema. Kipimo cha siku moja hakisemi mengi. Cha miaka 10 kinasema.

Utaratibu huo ulifika hadi Ziwa Viktoria, ambalo ndilo linalopokea maji ya Mto Kagera unaopitia upande wa Karagwe. Barton Worthington alishiriki utafiti wa ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, kisha baadaye akawa mkurugenzi wa kile chama cha Windermere. Jack Talling, naye wa Windermere, alipima mwani wa ziwa hilo akiwa Jinja, Uganda, mwaka 1960 na 1961. Miaka 30 hivi ilipopita, Mganda Rose Mugidde alilinganisha vipimo vyake na vya Talling, akakuta mwani umeongezeka mara kadhaa na maji yamepoteza uwazi. Jamii za mwani zilizotawala zamani zilikuwa zimewapisha sayanobakteria, bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea na kuyageuza maji rangi ya kijani. Wavuvi walikwisha kuona kwamba ziwa si lile. Daftari la Talling ndilo lililoonyesha limebadilika kiasi gani.

Wafugaji wa Ankole, upande wa Uganda, na wa Karagwe walikuwa na njia nyingine. Ng'ombe hakuachiwa kuingia kisimani. Kando ya kisima lilifinyangwa birika la udongo. Vijana walishuka kuchota, wakapokezana chombo mkono kwa mkono mpaka birika likajaa. Ng'ombe akanywa hapo juu, na samadi ikabaki hapo juu. Leo tunajua samadi hubeba fosforasi na naitrojeni, chakula chenyewe cha sayanobakteria. Hakuna aliyehitaji kuyajua hayo ili birika lifanye kazi yake. Oman nako hufuatwa kanuni ileile ya kutanguliza maji safi: kwenye mifereji ya falaji, maji ya kunywa huchotwa pale mfereji unapojitokeza, kuoga na kufua hufuata chini yake, na mashamba hunyweshwa mwisho.

Katika kuzuia, birika limeitangulia kalamu. Windermere ina kumbukumbu za miaka 80 na bado hupata utando wa kijani wakati wa joto. Mwaka 1992 mitambo miwili ya maji taka ilianza kuondoa fosforasi, hali ikapata nafuu, lakini uchafu wa majumbani na mashambani haukukoma. Kuandika kila wiki hakukufunga bomba hata moja. Watu waliosoma yaliyoandikwa ndio waliodai lifungwe.

Lakini birika nalo lina mpaka wake. Haliwezi kumwambia mama anayechota ziwani kama utando wa leo una sumu. Baadhi ya sayanobakteria hutengeneza mikrositini, sumu inayoshambulia ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa maisha yote, na 24 kwa maji ya kuogelea. Viwango hivyo hupimwa maabara. Mwaka 2004 utando kama huo uliufanya mji wa Kisumu ufunge maji yake ya bomba.

Kwa mji wa Kayanga, hapa Karagwe, jambo hili si la mbali. Mradi mkubwa wa maji wa Kayanga na Omurushaka unaitwa Rwakajunju, kwa jina la ziwa linalotegemewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hilo ni birika lililoandikwa kisheria, nami natamani liheshimiwe kama lile la udongo.

Kabla ya maabara kuna kipimo ambacho shule yoyote ya sekondari inaweza kukifanya. Mwanafunzi avae glavu, ajaze chupa angavu robo tatu, aifunge, aisimamishe kivulini hadi kesho yake bila kuitikisa. Kijani kikishuka chini, yaelekea ni mwani mwingine. Kikipanda juu kikaganda kama rangi ya mafuta, washukiwe sayanobakteria, maana wana vifuko vya hewa vinavyowaelesha. Hapo watoto wasioge, ng'ombe wasinyweshwe, na ofisi ya maji ipigiwe simu. Kipimo kifanywe pia kwenye ufuko ambako upepo unaelekea, kwa sababu huko ndiko utando husukumwa, na mara nyingi huko ndiko watu huoga.

Daftari la kuanzia linahitaji safu nne: tarehe, upepo ulikotoka, kina cha sahani, na chupa ilivyoonyesha. Kwenye ya tano iandikwe ng'ombe walinyweshwa wapi siku hiyo, ndani ya ziwa au nje yake.