Ziwa Lililobandikwa Jina kwa Gundi

Nilianza kufundisha jiografia hapa Mbale wakati wa Amin, katika shule ya msingi isiyo mbali na Malukhu. Ramani yetu ya ukutani ilichapishwa kabla ya uhuru. Upande wa magharibi, kwenye Ziwa Edward, mwalimu mmoja alikuwa amebandika kipande cha karatasi na kuandika kwa wino mweusi: Ziwa Idi Amin Dada. Kaskazini yake, juu ya Ziwa Albert, kulikuwa na kipande cha pili: Ziwa Mobutu Sese Seko. Marais hao, Amin wetu na Mobutu wa Zaire, walijigawia maziwa mapema miaka ya 1970, wote wawili wakiwa bado Ikulu. Aprili 1979 Amin alipoangushwa, nilikibandua kile kipande cha kwanza kwa kucha. Gundi iliondoka na rangi ya buluu, na wanafunzi wangu wakasoma ziwa lenye kovu jeupe.

Amin hakuwa wa kwanza. Mwaka 1858 mvumbuzi Mwingereza Speke alilipa ziwa letu kubwa jina la malkia aliyekuwa kwenye kiti cha enzi, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao, Nalubaale likiwa mojawapo. Julai 1862 alifika Jinja, akayaita maporomoko Ripon, jina la bwana mkubwa aliyekuwa na cheo serikalini London na ambaye hakuwahi kuyaona. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alikuja kufungua bwawa la Owen Falls, na maporomoko hayo yakazama. Mwaka huohuo Hifadhi ya Kazinga, iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu, ikabatizwa jina lake. Amin akaiita Rwenzori. Baadaye jina la malkia likarudishwa. Apolo Obote, aliyekuwa rais kabla ya Amin, naye alikuwa na hoteli yake. Apolo Hotel ilipojengwa Kampala katika miaka ya 1960, hakuna aliyeuliza Apolo ni nani. Alipopinduliwa mwaka 1971, jina likamfuata.

Kinachoniuma zaidi ya gharama za kuandika mabango upya ni ule ukimya. Jina la mkubwa aliye madarakani halijadiliwi. Diwani gani atasimama kwenye kikao aseme, mheshimiwa huyu bado hajastahili? Watapiga makofi, wataandika muhtasari, na mali iliyojengwa kwa kodi ya mwuza ndizi wa Namatala itaonekana kama zawadi ya mtu mmoja.

Mji wetu una mfano mzuri. Semei Kakungulu aliuanzisha mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa na askari na nguvu za kutosha kujiandikia lolote, lakini mji ulibaki Mbale. Tazama pia Republic Street, Kumi Road, Pallisa Road. Serikali zimeanguka 1971, 1979, 1985 na 1986, na bado ukimwambia mtu wa bodaboda akupeleke Pallisa Road anajua aelekee wapi, wala hakuulizi wewe ni wa chama gani.

Sisemi viongozi wasikumbukwe. Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam ulijengwa kwa juhudi za Rais Benjamin Mkapa, ukaitwa Uwanja wa Taifa miaka yote, na ukapewa jina lake mwaka 2020 baada ya kufariki. Heshima ya namna hiyo haina harufu ya woga, kwa sababu anayepewa hana tena cheo cha kumgawia mtu.

Mbale imekuwa jiji tangu tarehe 1 Julai 2020, na huku Industrial Division barabara na majengo mapya yatahitaji majina. Waheshimiwa madiwani, tungeni sheria ndogo sasa, kabla hajatokea mkubwa wa kumwogopa: mali ya umma isipewe jina la mtu aliye madarakani, ipite miaka kumi tangu aondoke, na wakazi wa mtaa husika waulizwe kwanza.