Garanti ya kitu cha bei kali: ni gani inafika mpaka Masisi na Walikale?

Ukiuza ng'ombe moja kule Masisi, ao mifuko ya maharagi ya msimu mzima, ili upate pano ya jua, batri na konvertisa, unajihesabia kwamba ile mashine itakaa nyumbani mpaka makuta yake yarudi: kwa kuchaji simu za majirani, kunyoa watu, kuuzisha vinywaji baridi. Kisha mwezi wa ine konvertisa inazima. Muuzaji wa Goma alisema: "Papa, usiogope, iko na garanti ya mwaka moja." Sasa garanti ile iko wapi? Iko kwenye karatasi, ao ilibaki mdomoni mwake?

Watu wenye ndugu Ulaya na Amerika wanasikia pia kwamba huko mtu akinunua kitu kwa kadi ya benki, kadi inamuongezea garanti bila kulipa kitu kingine. Ni kweli, lakini faida hiyo iko na masharti mengi, na mengi kati yao yanamkatalia mtu wa Walikale. Hapa tunaeleza garanti zilizopo, kadi inafanya nini, na mambo ya kufanya kabla makuta haijatoka mkononi.

GARANTI TATU, USIZICHANGANYE

Ya kwanza ni garanti ya kiwanda. Aliyetengeneza kitu anaahidi kwamba kikiharibika chenyewe kabla ya muda fulani, atakitengeneza ao atakibadilisha. Simu nyingi mpya ziko na miezi 12 hivi, lakini batri na chaja yake mara nyingi ziko na muda mfupi zaidi. Ahadi hiyo iko na mipaka: garanti nyingi zinafanya kazi tu katika nchi kitu kilipouzishwa.

Ya pili ni garanti ya sheria. Hapa Kongo, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali inatumika, inamlazimisha muuzaji kujibu juu ya kasoro iliyojificha: kasoro iliyokuwa ndani ya kitu siku ya kununua, ambayo mnunuzi hakuweza kuiona, na inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kukirudisha na kurudishiwa bei, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini sheria inadai ulalamike haraka. Kasoro uliyoweza kuona kwa macho yako haihesabiwe.

Ya tatu ni garanti ya nyongeza. Hii inaanza pale garanti ya kiwanda inapoisha. Unaweza kuilipia kwa muuzaji, ao inakuja pamoja na kadi uliyolipia.

Kumbuka: nyongeza inashikamana na ile ya kwanza. Kitu kisicho na garanti ya kiwanda iliyoandikwa, kadi haina kitu cha kuongeza juu yake.

KADI INAFANYA NINI?

Huko Marekani, baadhi ya kadi za mkopo zinaongeza mara nyingi mwaka 1 juu ya garanti ya kiwanda. Friji yenye garanti ya mwaka 1 inakuwa na miaka 2. Inatakiwa bei iwe imelipwa kwa kadi yenyewe, na mwenye kadi awe na vitu vine: fakture, karatasi ya benki inayoonyesha malipo, karatasi ya garanti, na makadirio ya fundi anayekubalika. Pia anapaswa kutoa taarifa upesi. Kwa kadi zingine ni ndani ya siku 60 tangu kitu kiharibike.

Si kila kadi iko na faida hiyo, na benki inaweza kuiondoa. Kwa hiyo ndugu asiseme tu, "Kadi yangu ni ya Visa, basi iko sawa." Apige simu benki yake, aombe kitabu cha faida za kadi, asome mwenyewe.

Na sisi huku? Wakaaji wengi wa Masisi na Walikale hawana kadi. Tangu mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 ilipoingia Goma, benki za biashara za mji zilifunga milango, na hata waliokuwa na kadi walijikuta na kipande cha plastiki tu. Watu wanalipa kwa mukono ao kwa simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Malipo ya simu hayaongeze garanti hata siku moja. Lakini yanaacha alama: siku, saa, kiasi, jina la aliyepokea, na nambari ya malipo. Ile mesaji ni ushahidi. Usiifute.

NDUGU WA NG'AMBO AKITAKA KUKUNUNULIA

Tuseme dada yako anaishi Texas ao Brussels, na anataka kukutumia kitu kikubwa. Kabla hajalipa, muongee juu ya mambo haya.

Kitu chenyewe. Kadi nyingi za Marekani hazifunike chombo chenye motere cha kusafiria, kwa hiyo pikipiki na vipuri vya motere yake viko inje. Hazifunike vitu vilivyotumika, wala vitu vilivyonunuliwa kwa biashara. Mashine ya kusaga mihogo kwa kulipisha watu, ao friji ya kuuzishia vinywaji, ni biashara. Dada akiandika kwamba ni ya nyumbani na si kweli, anajiletea matatizo na benki yake.

Umeme. Nyumba za Marekani zinatumia volti 120. Huku ni volti 220. Chaja ya simu ao ya kompyuta yenye maandishi "100-240V" haina shida. Lakini mashine iliyoandikwa 120V peke yake itaungua siku ya kwanza, na hakuna garanti itakayokubali kosa hilo.

Nani atapokea makuta. Ikiwa ombi linakubaliwa, benki ao asiransi yake inamlipa mwenye kadi kule aliko, haimlipe anayetumia kitu huku Nyabiondo. Muelewane mbele kwamba makuta hayo yatarudi kununua kitu kingine.

Fundi. Makadirio ya fundi wa barabarani, hata kama ni hodari, yanaweza kukataliwa. Mara nyingi wanataka fundi aliyetambuliwa na kiwanda, na anaweza kuwa Kigali, Kampala ao Kinshasa. Kama gharama ya kufikisha kitu huko ni kubwa kuliko kitu chenyewe, garanti imekufa hata kama karatasi ingali nzuri.

Kwa ndugu wa Ubelgiji ao Ufaransa, kuna njia ingine yenye nguvu kuliko kadi. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamlazimisha muuzaji kujibu kwa miaka 2 juu ya kitu kipya anachomuuzishia mtu wa kawaida. Tena ni muuzaji, si kiwanda tu. Lakini kitu kitapaswa kurudi kwake. Kwa sababu hiyo, vitu vidogo na vyepesi kama simu na kompyuta vinafaa kununuliwa huko. Vitu vizito vinafaa kununuliwa karibu.

Mara nyingi, basi, ni heri dada atume makuta, nawe ununue kwa muuzaji unayeweza kufikia mlango wake kwa pikipiki.

KABLA YA KUTOA MAKUTA

Omba fakture yenye jina la butiki, anwani, simu, tarehe, jina la kitu na kashe. Fakture iliyoandikwa "mashine 1" haikusaidie. Iandikwe aina yake na nambari ya serie. Linganisha nambari hiyo na ile iliyo mgongoni mwa kitu na ile ya kartoni. Kwa simu, bonyeza *#06#, nambari ya IMEI itatokea, iandikwe pia.

Soma maandishi madogo ya chini. Fakture nyingi ziko na maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba bizaa ikishauzwa hairudishwe wala haibadilishwe. Muuzaji aliyejua kasoro na akanyamaza hawezi kujificha nyuma ya maneno hayo. Lakini kuthibitisha kwamba alijua ni kazi ngumu. Ni rahisi zaidi kumwambia palepale: "Yaya, andika hapa kwa mukono wako: garanti miezi 12, na utie kashe." Akikataa kuandika alichosema kwa mdomo, umeshapata jibu.

Uliza maulizo matatu: Garanti inahusu nini, pano, batri ao konvertisa? Nani analipa usafiri? Ninyi ndio mtatengeneza, ao mtatuma mahali pengine?

Kwa vifaa vya jua, kuna kipimo kinachosaidia. Programu ya VeraSol inapima taa na kit za jua, na iko na orodha kwenye intaneti ya zile zilizofaulu. Ili kuingia kwenye orodha hiyo, taa ndogo inapaswa kuwa na garanti isiyopungua mwaka 1, na mashine kuu ya kit kubwa isiyopungua miaka 2. Muulize kijana mwenye intaneti akutafutie jina la kit kabla ya kununua. Kama haiko kwenye orodha, si lazima iwe mbaya, lakini hauna mtu wa tatu aliyeipima.

Kuna pia kampuni zinazouza kit za jua kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Bboxx na Altech zinafanya kazi hiyo Kongo. Bei ya jumla inakuwa kubwa, lakini kampuni inapata sababu ya kutengeneza haraka: mwanga ukizima, mteja anaacha kulipa. Uliza kama garanti inaendelea kisha kumaliza deni.

Mwishoni, washa kitu palepale butikini. Kiache kifanye kazi hata nusu saa. Kipakie vizuri pia, kwa sababu pano iliyopasuka njiani kati ya Sake na Masisi haina garanti ya mtu yeyote.

KIKIHARIBIKA

Kwanza, usifungue skuru. Fundi wa jirani akishafungua mashine, kiwanda kinasema: si sisi tena. Vilevile maji, umeme uliopanda ghafla, ao batri iliyounganishwa kinyume, ni sababu za kawaida za kukataliwa.

Piga picha: kitu kizima, nambari ya serie, na kasoro. Kama ni sauti ao taa inayowaka vibaya, piga video. Andika siku ilipoanza. Siku hiyohiyo, mtumie muuzaji mesaji, si simu tu, kwa sababu simu haiachi alama. Andika kwa heshima na kwa wazi: "Papa, nilinunua konvertisa kwenu tarehe fulani, nambari ya serie ni hii, leo imezima. Ninaomba garanti. Niambie nilete lini." Kama amejibu, chunga jibu lake.

Asipojibu, rudi ukiwa na shahidi na fakture. Mambo mengi yanamalizikia hapo, mbele ya mkubwa wa soko ao shefu wa avenue, kwa sababu mfanya-biashara anaogopa jina lake kuharibika kuliko kitu kingine. Isipowezekana, tribinali ya amani ndiyo mlango wa kesi ndogo, pale inapofanya kazi. Pima gharama ya safari na ya kesi kabla ya kwenda.

BARABARA IKIFUNGWA

Hili ndilo jambo ambalo vitabu vya garanti haviandike. Vita vilifika mpaka Walikale-centre Machi 2025, na mtu aliyenunua kitu Goma mwezi moja mbele alijikuta upande mwingine wa mstari. Siku za garanti zinaendelea kuhesabiwa hata kama hakuna gari inayopita.

Kwa hiyo, lalamika kwa mesaji kabla ya tarehe ya mwisho, hata kama hauwezi kupeleka kitu. Muombe muuzaji aandike kwamba amepokea lalamiko na kwamba atakubali kitu barabara ikifunguka. Hana lazima ya kukubali, lakini wengi wanakubali wakiombwa mapema na kwa adabu.

Na karatasi zenyewe? Wanaokimbia wanabeba watoto, godoro na sufuria. Fakture inabaki ndani ya nyumba. Siku ile unaponunua, piga picha ya fakture, ya karatasi ya garanti na ya nambari ya serie. Zitume kwa WhatsApp kwa watu wawili: moja anayeishi mji mwingine, na yule ndugu wa ng'ambo. Hata simu yako ikipotea, karatasi yako itakuwa ingali inaishi mahali.

Kama umebaki na jambo moja tu kichwani, libaki hili: kabla ya kuuliza garanti ni ya miaka mingapi, uliza mlango wa kuidai uko wapi, na kama unaweza kuufikia. Miezi 6 kwa muuzaji wa Kitshanga anayejua nyumba yenu inaweza kushinda miaka 3 ya kiwanda kisichojua hata Masisi iko wapi.